Dawa za uvimbe wa utumbo: ile iliyo rahisi kupata ndiyo inayotutia wasiwasi

Baada ya kipindi chetu cha afya kuzungumzia kuharisha damu, ujumbe wenu uliendelea kuingia hadi usiku. Mmoja ulitoka kijiji cha kando ya ziwa. Aliyeuandika anasema kaka yake ameharisha damu kwa miaka miwili, akanywa Flagyl mara asizozikumbuka, akakonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Mwisho alipelekwa hospitali ya rufaa, akapimwa kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, akaambiwa si amiba, ni uvimbe sugu wa utumbo mpana. Alirudi na dawa mbili. Moja, sulfasalazini, iliisha baada ya mwezi na wilayani hawaipati. Nyingine, prednisoloni, ipo karibu kila duka la dawa kwa hela ndogo. Sasa anaendelea na hiyo moja. Damu imekoma, uso umejaa, majirani wanasema amenawiri.

"Kuna ubaya gani," ndugu yetu anauliza, "ikiwa anapona?"

Ubaya upo, na tumeona tuueleze kwa maandishi, kwa sababu redioni dakika kumi zisingetosha na wengi mngependa kuisoma makala hii mara mbili.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Mwili una askari wake wa kinga. Katika ugonjwa huu askari hao wanaushambulia utumbo wa mwenye mwili. Aina kuu ni mbili. Moja hukaa kwenye utumbo mpana peke yake na kuufanyia vidonda, nayo madaktari huiita kolaitisi ya vidonda. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, mara nyingi mwisho wa utumbo mwembamba. Hakuna dawa inayoung'oa kabisa. Zilizopo hutuliza moto, halafu huuzuia usiwake tena. Kazi hizo mbili tuzitenganishe tangu sasa, maana dawa inayofaa ya kwanza huenda isifae ya pili.

Kwetu kuna jambo jingine linalotangulia dawa. Choo chenye damu kinaweza kuwa amiba. Kinaweza kuwa kichocho cha tumbo, ambacho watu wa kando ya Ziwa Victoria wanakijua. Na kifua kikuu cha utumbo kinafanana na ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwahangaisha hata mabingwa. Kumpa mwenye amiba au mwenye kifua kikuu dawa ya kushusha kinga ni kumwagia petroli. Ndiyo maana kipimo cha kamera, pamoja na kipande kidogo cha nyama ya utumbo kwenda maabara, si anasa. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando hukifanya. Kaka wa ndugu yetu amekwisha kufika hapo, na ni hatua ambayo wengi hawajaifikia.

Prednisoloni

Hii ni steroidi. Inazima moto haraka, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, na kwa mgonjwa aliyekuwa anakwenda chooni mara kumi kwa siku hiyo ni neema. Hatuibezi. Lakini ni dawa ya kazi ile ya kwanza tu. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa haizuii ugonjwa kurudi. Kawaida daktari huianza kwa kipimo kikubwa, halafu huishusha kidogo kidogo ndani ya wiki sita hadi nane, basi.

Anayeendelea nayo kwa miezi hulipa. Uso kuwa mviringo kama mwezi, ule ambao majirani wanauita kunawiri, ni dalili ya dawa kuzidi mwilini. Sukari hupanda, na shinikizo la damu nalo. Usingizi hupotea, hasira huja bila sababu. Mifupa huwa dhaifu bila maumivu yoyote ya kutoa taarifa, mpaka siku mtu anapoteleza kisimani na kuvunjika nyonga. Macho huweza kupata mtoto wa jicho. Kinga hushuka, na kifua kikuu kilicholala huweza kuamka.

Kuna hatari nyingine inayotuhusu sisi tunaotembea shambani peku. Kuna minyoo midogo iitwayo strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu na kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Steroidi huifungulia mlango, ikazaana na kusambaa mpaka kwenye mapafu, na mgonjwa huweza kufa. Inatibika kwa vidonge kabla ya steroidi kuanza, mradi mtu akumbuke kuitafuta.

Sasa msikie vizuri kabla hamjatupa vidonge: aliyetumia prednisoloni kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Mwili wenyewe hutengeneza steroidi yake kila siku, na ukiletewa kutoka nje unaacha kutengeneza. Ukikata kwa mkupuo, mtu huishiwa nguvu, shinikizo hushuka, hutapika, huzimia. Hushushwa kwa ngazi, na ngazi hizo anazipanga daktari.

Sulfasalazini na mdogo wake

Hii ni dawa ya tangu miaka ya 1940, iliyotokana na kazi ya daktari wa Uswidi, Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta tiba ya viungo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Kwa kolaitisi ya kadiri inafanya kazi zote mbili, kutuliza na kuzuia. Kwa ugonjwa wa Crohn msaada wake ni mdogo.

Maudhi yake ya kawaida ni kichefuchefu na kichwa kuuma, ndiyo maana huanzwa kidogo na kunywewa na chakula. Mkojo na jasho huweza kuwa rangi ya chungwa, hiyo isikutishe. Ya kutisha ni vipele vya mwili mzima, vidonda vya mdomoni, homa au koo kuuma ghafla. Ukiona hayo, acha dawa na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ndani yake mna salfa, kwa hiyo aliyewahi kudhurika na Septrin au na SP ya malaria amwambie daktari kabla ya kupokea kidonge cha kwanza. Vilevile kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria, ambao damu yao huweza kuharibika wakiitumia.

Kwa wanaume kuna hili: hupunguza mbegu za kiume kwa muda. Ukiiacha au ukibadilishiwa, hurudi ndani ya miezi miwili au mitatu. Tunalitaja kwa sababu tunajua nyumbani kwetu ndoa isipopata mtoto ni nani huanza kupelekwa kwa waganga.

Mdogo wake ni mesalazini, ambayo haina salfa na huvumilika vizuri zaidi, ila bei iko juu. Hailegezi mbegu za kiume. Mara chache huumiza figo, kwa hiyo damu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Vidonge vyake vimefunikwa ili vifunguke chini utumboni, hivyo usivitafune wala kuviponda. Ipo pia ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, na kwa vidonda vilivyo karibu na mlango wa nje hiyo hushinda vidonge. Tunajua watu huona aibu nayo. Aibu hiyo ndiyo inayowapeleka wengi kwenye steroidi.

Zinazoishusha kinga polepole

Azathioprini hupewa mtu ambaye kila prednisoloni ikishushwa ugonjwa unarudi. Huchukua miezi miwili hadi mitatu kuonyesha kazi, na wengi huiacha mwezi wa kwanza wakisema haifai. Hatari yake kubwa ni uboho wa mifupa kushindwa kutengeneza chembe za damu. Ini na kongosho navyo huweza kuumia, na jua huidhuru ngozi kwa urahisi zaidi, jambo ambalo mwenye ualbino lazima alizungumze na daktari wake mapema. Damu hupimwa mara kwa mara wiki za mwanzo, halafu angalau kila miezi mitatu. Kipimo ni kile ambacho maabara ya wilaya hukiita FBP. Na usichanganye dawa hii na alopurinoli, ile ya gauti, bila daktari kujua: zikikutana, azathioprini hujaa mwilini kupita kiasi.

Methotreksati hutumika zaidi kwa ugonjwa wa Crohn. Kosa moja tu tulikaze: hutumiwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa kuinywa kila siku kama vidonge vingine. Chagua siku, andika kwenye boksi, mwambie na wa nyumbani. Mjamzito haruhusiwi kabisa. Dawa nyingi za ugonjwa huu zinaweza kuendelea wakati wa ujauzito kwa ushauri wa daktari, na kuziacha ovyo huleta hatari kubwa zaidi kwa mtoto, lakini hii hapana.

Habari kubwa iko kwenye sindano

Sasa tuje kwenye kinachosemwa duniani. Tangu 1998, Marekani iliporuhusu infliksimabu kwa ugonjwa wa Crohn, zimekuja dawa zinazotengenezwa kwa chembe hai na kulenga kiungo kimoja tu cha moto wa kinga. Infliksimabu huingia kwa dripu: wiki ya kwanza, baada ya wiki mbili, wiki ya sita, kisha kila wiki nane. Adalimumabu ni sindano ya chini ya ngozi kila wiki mbili. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 ulilinganisha wagonjwa wapya wa Crohn: kati ya kila 100 waliopewa infliksimabu mapema pamoja na dawa ya kushusha kinga, 79 walitulia hadi wiki ya 48 bila kuhitaji tena steroidi wala upasuaji. Kwa waliopandishwa ngazi kwa ngazi walikuwa 15.

Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Kwa kolaitisi, utafiti wa 2019 uliweka adalimumabu na vedolizumabu uso kwa uso, na baada ya mwaka waliotulia walikuwa 22 dhidi ya 31 katika kila 100. Vedolizumabu hufanya kazi zaidi utumboni, na maambukizi mwilini kwa ujumla huwa machache.

Hati miliki za dawa hizi zinaisha. Nakala za infliksimabu zilikubaliwa Ulaya 2013, za adalimumabu ziliingia sokoni Ulaya 2018 na Marekani 2023, na bei zilishuka sana katika nchi nyingi za Ulaya. WHO iliingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu 2019. Mtu angetarajia tuone tofauti huku. Lakini kwa maoni yetu bei si kizuizi pekee. Sindano ya adalimumabu hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chapa ya Humira huruhusiwa kukaa nje ya friji siku 14 mradi joto lisizidi nyuzi 25, na nyuzi 25 kwa wengi wetu ni saa nne asubuhi. Dripu nayo inataka nauli ya kwenda mjini kila wiki nane, mwaka baada ya mwaka.

Kisha kuna kifua kikuu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Infliksimabu na adalimumabu huondoa ukuta ambao mwili umeujenga kuuzunguka mdudu aliyelala. Kabla ya sindano ya kwanza lazima pawe na picha ya kifua, kipimo cha kifua kikuu kilichojificha, homa ya ini B na VVU. Anayetumia haruhusiwi chanjo hai kama ya homa ya manjano. Na mama aliyetumia akiwa mjamzito awaambie wakunga kabla mtoto hajachomwa BCG, maana dawa huvuka kwenda kwa mtoto na chanjo hiyo ya siku za kwanza inaweza kumdhuru.

Vipo pia vidonge vipya, kama tofasitinibu, visivyohitaji friji. Vinaonekana kama vimetengenezwa kwa ajili yetu. Lakini 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali juu ya mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani na damu kuganda, baada ya utafiti kwa wagonjwa wa viungo wenye miaka 50 na zaidi. Mkanda wa jeshi nao huwapata watumiaji zaidi kuliko wengine.

Kwa kaka yetu

Kwa sasa hahitaji sindano za Ulaya. Anahitaji daktari ampangie namna ya kushusha prednisoloni, apimwe sukari, shinikizo na choo, na sulfasalazini irudi. Dawa hiyo hutumika pia kwa wagonjwa wa viungo, kwa hiyo pakikosekana kliniki ya tumbo, aulizie duka la dawa la hospitali linalohudumia kliniki ya viungo, na aombe aandikiwe ya miezi mitatu. Maumivu yakimshika njiani anywe paracetamol. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuuamsha ugonjwa.

Tulipompigia ndugu yetu jioni alisema zimebaki prednisoloni za siku tisa. Tumemwomba safari ianze kabla hazijaisha, na makopo yote, hata matupu, yaende nayo.