Mtoto wa Mlimani na Bahari

Baadhi ya wasomi wetu hushikilia kwamba mtoto wa mlimani hana fungu baharini. Nimeyasikia hayo Morogoro, chini ya Uluguru, yakisemwa na watu wanywao maji ya mlima huo kila siku. Wamesahau kwamba mto Ruvu hutoka Uluguru ukaenda kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, karibu na Bagamoyo.

Neno lao la pili ni baya zaidi: kwamba baharia hufanywa kwa ukali, tena angali mtoto. Mfano wao ni HMS Ganges, chuo cha Uingereza kilichopokea wavulana wa miaka 15 na kufungwa mwaka 1976. Huko wavulana walikwea mlingoti wa zaidi ya mita 40, na mmoja wao akasimama kileleni juu ya kibao kidogo, watu wakishangilia. Ushujaa wake siukani. Lakini alijifunza nini pale juu juu ya mkondo, nyota au pepo? Zamani mkataba wake ulikuwa wa miaka 12, nayo haikuanza kuhesabiwa mpaka atimize 18. Aliyetia sahihi ni mtoto; aliyelipa deni ni mtu mzima.

Nasi tulikuwa na Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1953, makao yake Mombasa. Meli yake moja iliitwa Rosalind, jina la binti katika tamthilia ya Shakespeare! Amri ilikuwa mikononi mwa maafisa wa Kiingereza. Mwafrika alifundishwa kuitika. Mwaka 1962 jeshi likavunjwa, na Tanzania ikaanza upya mwaka 1971 kwa msaada wa China. Aliyefundishwa kuitika tu hurithi nini?

Uluguru yalijua elimu ya namna hiyo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, na hata pale udongo usio na rutuba ulipofukuliwa juu, haikuwasikiliza. Mwaka 1955 wakaasi.

Mwanafunzi wa jahazi naye hakubembelezwa, wala sidai nahodha alikuwa malaika. Lakini alionyeshwa kwa nini tanga hutwekwa hivi wakati wa kaskazi na vile wakati wa kusi, na siku moja usukani ukawa wake.

Basi kijana wa Matombo anayetamani bahari afundishwe kwanza kuogelea (mahali pasipo mamba), kisha kusoma ramani na nyota. Karatasi ya mkataba imngojee mpaka atimize miaka 18.