Wapeni watu wa Naivasha maikrofoni

Kazi yangu ni kuwatembeza watu wa kamera. Wageni wakitaka kutengeneza kipindi cha mbio za magari hapa Kenya, wakala wao wa Nairobi hunipigia simu, nami ninawatafutia gari la kubebea vifaa, mpishi, vijana wa kubeba mizigo, na mahali pa kusimama ambapo jua la asubuhi halitaingia kwenye lenzi. Kazi hii ninaipenda. Kwa sababu ninaipenda, kuna jambo linalonichoma: vipindi vingi vya Safari Rally vinarekodiwa Naivasha, lakini watu wa Naivasha hawamo.

Tazama chochote kati ya hivyo. Utaona pundamilia, twiga, vumbi, kisha gari. Sina ugomvi na vumbi. Lile la Kedong, ambalo madereva huliita fesh-fesh, linastahili kamera kumi: ni udongo wa volkano uliosagika ukawa laini kama unga, na gari likiuingia kwa kasi hutoweka, anayelifuata asione hata boneti yake mwenyewe. Ndiyo maana magari ya huku hufungwa bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye Ubingwa wa Dunia baada ya kukosekana tangu 2002, dereva Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza. Kwenye hatua ya Loldia shokomzoba yake ikavunjika, na mpinzani wake Sébastien Ogier akabeba ushindi. Barabara ya huku ina sauti yake katika matokeo, na kila mtayarishaji analijua hilo.

Wasichokijua ni kwamba barabara hiyo ina wenyewe. Wakati mmoja nilikuwa na kikosi cha kigeni siku chache kabla ya mashindano. Walikuwa wamekwisha kupanga kamera kwa kufuata ramani ya setilaiti. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe alisimama, akatutazama kwa muda, akaniuliza, "Kijana, hawa wanangoja nini hapa?" Nikamweleza. Akacheka, akatupeleka kwa miguu hadi kwenye kijito kikavu nyuma ya vichaka vya leleshwa. Akasema maji ya mvua iliyopita yalikula ardhi pale upande mmoja, gari litakaloshuka kwa haraka litaruka. Mwongozaji alikubali kuacha kamera moja. Picha zilizopatikana pale ndizo zilizofungua kipindi kizima. Kipindi kilipotoka nilikitazama mara mbili nikimtafuta mzee yule. Hayumo. Hata sauti yake haimo, wala jina lake pale mwishoni ambapo hutajwa hadi aliyepanga tiketi za ndege.

Watu kama yeye ni wengi. Kuna mama wa Karagita anayeamka saa tisa usiku kukaanga mandazi ya watazamaji watakaopita kuelekea Oserian. Kuna wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaobadilishana zamu ili waone gari likipita kwa nukta chache tu. Kuna vijana wa karakana za Gilgil wanaotambua kwa mlio peke yake kwamba injini inayokuja ina silinda isiyochoma sawasawa. Mtu akiniambia kwamba hao si sehemu ya mchezo, simwelewi.

Najua jibu la watayarishaji, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi ndani ya gari: muda wa kipindi ni mfupi, mtazamaji wa Ulaya anataka magari, mdhamini anataka nembo yake ionekane. Hayo ni kweli. Lakini kwenda kurekodi katika nchi ya watu bila kuwajali wenyeji kuna gharama yake. Mwaka 2014 kikosi cha Top Gear, kipindi cha magari cha BBC ya Uingereza, kilikwenda Argentina. Porsche 928 ya mtangazaji Jeremy Clarkson ilikuwa na namba H982 FKL, na wenyeji wakaisoma kuwa ni kejeli kuhusu vita vya Falklands vya 1982 kati ya nchi hizo mbili. BBC ilisema ni sadfa tu. Kule Tierra del Fuego msafara ulipigwa mawe, magari ya kipindi yakaachwa barabarani, watu wakakimbilia Chile. Mimi naamini mwenyeji mmoja wa Ushuaia, angeketishwa mapema na kuonyeshwa magari yale, angeinyooshea kidole namba ile kabla ya safari kuanza.

Tena hadithi nzuri zaidi ziko kwa watu. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengine walikuwa wamelikimbiza kabla yao. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alishinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Siku hizi McRae Kimathi, kijana wa Kenya aliyepewa jina la dereva Colin McRae, amekwisha kukimbiza gari kwenye theluji ya Uswidi. Wazee waliosimama kando ya barabara wakati wa Joginder bado wapo. Wanakumbuka enzi ambazo barabara hazikufungwa, gari la mashindano likikutana na lori la maziwa kwenye kona, na helikopta ikitangulia mbele kumwonya dereva kuhusu ng'ombe. Wazee hao hawatatungoja milele. Kila mwaka kamera nyingi zinapita mbele yao zikimtafuta twiga.

Njia ipo, na wala si ghali. Mgeni hapati kibali cha kurekodi hapa bila kupitia wakala aliyesajiliwa nchini. Akitaka droni ataomba ruhusa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na akiingia hifadhi ya Hell's Gate atalipa shirika la wanyamapori, KWS. Basi katika kibali hichohicho yaongezwe masharti mawili: kila mwenyeji aliyefanya kazi kwenye kipindi atajwe kwa jina lake mwishoni, na nakala ya kipindi ibaki katika Nyaraka za Kitaifa, mtoto wa Naivasha aweze kukiona bila kulipia chaneli ya ng'ambo. Kikosi nacho kitenge siku moja kabla ya mashindano kwa ajili ya kusikiliza tu, kikiwa na mtu wa sauti anayejua Kiswahili, na mkalimani wa Kimaa.

Nanyi mawakala wa Nairobi, tunaopata mkate wetu kwa wageni hawa: tusiwe wa kwanza kunyamaza. Mkataba ukiletwa, kabla ya kuuliza helikopta itapaa saa ngapi, ulizeni nani wa Naivasha atazungumza ndani ya kipindi. Wakikosa jibu, msitie sahihi.