Miraa tunaichagua, nyama je?

Uliza vijana kumi hapa Meru mjini kama wangependa nyama ya mnyama ambaye hakujazwa antibayotiki ovyo. Wengi watakuambia ndiyo, na hata bei ikipanda kidogo, sawa tu. Sasa wafuate Makutano Ijumaa jioni. Swali utakalosikia ni moja: "Kilo ni ngapi?"

Usikimbilie kuwaita wanafiki. Hebu fikiria miraa. Mtu wetu atauliza kama ni kangeta au giza, imetoka wapi, imechumwa lini, kisha atalipa zaidi kwa ile anayoiamini. Kumbe kulipia ubora tunajua! Ila ubora wa miraa una jina. Kwa bucha, nyama zote zinaning'inia pamoja kwa bei moja. Ule muhuri unasema mkaguzi ameikagua, hausemi ng'ombe alidungwa nini wiki iliyopita. Hata neno "kienyeji" halikuambii kuku alipewa dawa gani.

Dawa za mifugo zina masharti. Lebo huonyesha siku za kungoja kabla ya mnyama kuchinjwa. Mfugaji aliyebanwa na karo ya shule anaweza kuziruka, na wewe mteja hutajua. Mnyama mgonjwa atibiwe, hapo hatubishani. Shida ni dawa kutiwa kila mara kwenye maji ya kuku wazima. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwataka wafugaji waache tabia hiyo, na mwaka huohuo Kenya ikazindua mpango wake wa kitaifa dhidi ya usugu wa dawa.

Si mchezo, bana. Mwaka 2019 pekee, bakteria sugu waliua moja kwa moja watu takriban milioni 1.27 duniani. Nyama si chanzo pekee, maana sisi wenyewe tunameza dawa bila kupimwa. Lakini nayo imo.

Kwa hivyo anza na swali. Muulize mwenye bucha: huyu ng'ombe ametoka wapi, na mfugaji alingoja zile siku? Asipokuwa na jibu leo, na wateja wakizidi kumuuliza, itabidi naye amuulize anayemletea. Kaunti nayo ipime nyama kwenye maabara na matokeo yabandikwe pale pale buchani, tuyasome kabla ya kutoa pesa.

Nyama safi ikipata jina, hapo ndipo tutajua kama ile "hata bei ikipanda kidogo" ilitoka moyoni.