Kurudiwa Mara Mia si Ushahidi

Wengi wetu Nairobi tunaamini kwamba jambo likitokea katika kurasa nyingi za intaneti, basi limethibitishwa. Imani hiyo ni potofu, na mtaa wa Karen unatosha kuionyesha. Tafuta asili ya jina hilo kwenye simu, utaambiwa tena na tena kwamba mtaa uliitwa kwa jina la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyeishi kwenye shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931. Ukidadisi kila ukurasa umeyapata wapi maneno hayo, mara nyingi msururu unaishia kwa shahidi mmoja, Blixen mwenyewe, aliyeyaandika baada ya kurudi kwao. Lakini shamba lilikuwa la kampuni, Karen Coffee Company, na mwenyekiti wa kampuni hiyo, Aage Westenholz, mjomba wa Blixen, alikuwa na binti aliyeitwa Karen vilevile. Wapo wanaoshikilia kwamba kampuni ilichukua jina la huyo binti, na mtaa ukalirithi.

Atakayepinga atasema Blixen aliishi pale, nani ajuaye kumshinda? Hoja hiyo ina uzito, ila shahidi anayesifiwa na ushahidi wake mwenyewe huhitaji mwingine wa kumuunga mkono, na nakala mia za maneno yake hazimfanyi kuwa mashahidi mia. Mwingine atauliza, jina la mtaa lina uzito gani? Uzito upo katika yale ambayo marudio haya yameyafunika. Shamba lile la ekari 6,000 hivi lilikuwa na maskwota, Wakikuyu walioruhusiwa kukaa kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Lilipouzwa mwaka 1931 ili likatwe viwanja, walitakiwa kuondoka, wakaomba wasitawanywe. Blixen aliwapigania serikalini hadi wakapewa ardhi pamoja katika msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Hayo nayo aliyaandika yeye yule yule, kwa hiyo pia yanahitaji shahidi wa pili. Kwa nini basi jina lake linanakiliwa kila mahali, na kuhamishwa kwa familia hizo kunapitwa kimya? Kwa sababu anayenakili huchukua sentensi fupi iliyo juu kabisa. Anayetaka zaidi afungue kitabu cha Blixen mwenyewe, kisha aende Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, aombe faili za ardhi za miaka ile.