Kinyonga, semina na sisi tunaocheka

Nimepotea kidogo, mtanisamehe, si mnajua tena mambo ya testi.

Juzi usiku msela mmoja wa chumba cha jirani kaokota kinyonga nyuma ya bweni, kaja kuniwekea juu ya daftari. Jamani! Nilitoka mbio hadi mwisho wa korido, ndala moja mguuni. Bweni zima likacheka: "Muha mzima wa Rungwe Mpya unaogopa kinyonga?"

Na mimi nikacheka, kuficha aibu. Lakini usingizi haukuja, nikawa nawaza.

Kule kwetu Kasulu, ukienda kupalilia maharage unaangalia kwanza pa kuweka mkono. Nyoka tunamwogopa na tuna haki. Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Huo ni woga wenye kazi. Sasa kinyonga hana sumu, hana la kumfanya mtu. Kichwani nalijua hilo vizuri kabisa, ila miguu haijui! Woga ukishapita kiasi cha hatari yenyewe, ukakaa miezi 6 au zaidi na kukuvurugia maisha, ndiyo wataalamu wanaita fobia.

Kuna makundi matatu makubwa. Kuna woga wa kitu maalumu: mnyama, kina cha maji, kimo, sindano. Kuna wa kuogopa sehemu ambazo ni tabu kutoka, kama daladala lililojaa au katikati ya umati. Na kuna wa kuogopa macho ya watu. Hata woga wenyewe haufanani. Kwa kawaida moyo unakwenda mbio, lakini wengi wenye woga wa damu na sindano presha inashuka ghafla, mtu anazimia. Hao husaidiwa kwa kukaza misuli ya mikono na miguu, presha isishuke. Kwa hiyo ukiona mtu kaanguka kwenye foleni ya sindano usiseme anadeka.

Hapo kwenye macho ya watu ndipo nilipokosa usingizi. Tuna jamaa kwenye kundi letu la semina, zamu yake ya kuwasilisha ikifika anaumwa tumbo. Mara mbili sasa. Alama zinapotea, na akiendelea hivi kudisko kuko mlangoni. Sisi tumempachika jina, "Bubu". Na aliyeanzisha jina hilo ni mimi, yule yule aliyekimbia kinyonga.

Maoni yangu ni haya. Kumcheka mtu hakumponyi, kunamfundisha kujificha tu. Lakini kumwambia "basi usiwasilishe, tutakusemea" nako si msaada, maana kila ukikimbia unapata nafuu ya leo, na woga unazidi kunenepa. Dawa inajulikana siku nyingi. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyeogopa sungura. Mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura akawa analetwa karibu kidogo kidogo, hadi mwisho mtoto akamshika mwenyewe. Hakurushiwa sungura mapajani watu wacheke!

Basi nimemwomba jamaa msamaha. Jumatatu alinisomea ukurasa mmoja pale kwenye kimbweta, tukiwa wawili tu. Jana tulikuwa wanne. Alitetemeka, karatasi ikawa inapiga kelele, ila alimaliza. Alhamisi ni zamu yake. Wale wa semina yetu mnaosoma hapa, naomba kitu kimoja tu: akisimama, tulieni. Na kama woga umemzidi mtu kabisa, aende kwa washauri wa wanafunzi au hospitali, si aibu.

Mimi nitaanza na picha ya kinyonga. Ila atakayeniletea mzima tena tutagombana kweli.

Ni hayo tu kwa leo. Wewe unaogopa nini?