Aliyezoea Dawa Si Mwili

Jumamosi moja hivi majuzi niliketi katika kibanda cha nyama choma pale Kenyatta Market, Nairobi, nikimsubiri mke wangu aliyekuwa kwa wasusi. Kwenye meza ya pili walikuwa wazee wawili. Mmoja alilalamika kwamba homa ya matumbo imemrudia mara ya tatu, na kwamba sipro, dawa aliyozoea kununua kwa kemisti bila cheti cha daktari, haimfai tena. "Mwili wangu umeshaizoea, bwana," alisema. Mwenzake akamjibu, "Basi nipe mimi hivyo vidonge vilivyobaki. Wangu haujaizoea."

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Lakini sentensi ndiyo shughuli yangu, na sentensi ile ina kosa linaloweza kuua mtu. Kiima chake ni "mwili", ilhali mwili haukuzoea chochote. Waliobadilika ni bakteria, nao hawana mwenyewe: wakitoka kwa huyu humwingia yule kwa maji na chakula. Hata kitenzi hakikusalimika. Kuzoea ni jambo la kiumbe kimoja kinachobadilika polepole. Bakteria wa kawaida haizoei sipro, humwua. Anayesalia ni yule aliyezaliwa tofauti.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Sipro ni ya jamii ya kwinoloni, dawa zilizoanzia kwenye asidi ya nalidiksiki, iliyotangazwa mwaka 1962. Ndani ya bakteria, msokoto wa uzi wa DNA husimamiwa na kimeng'enya kiitwacho jirasi, ambacho huukata uzi, hupitisha kipande kingine katikati, kisha huuunga tena. Kwinoloni hukibana kimeng'enya hicho kikiwa kimekwisha kukata lakini hakijaunga. Uzi hubaki umekatika, na bakteria hufa. Ila miongoni mwa mamilioni huweza kuzaliwa mmoja ambaye jeni yake imenakiliwa kwa kosa la herufi moja, mithili ya mpiga chapa aandikaye "pasa" badala ya "pata", na dawa ikakosa pa kushika. Kosa la kwanza hupunguza makali ya dawa. Yakifuatana mawili matatu, kidonge huwa kama kipande cha chaki. Kila anayemeza sipro kwa homa isiyoihitaji huwaua walio dhaifu na kuwapisha hao wachache.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba usugu huu hurithiwa tu, kutoka kwa mzazi hadi kizazi chake. Mwaka 1998 ikatangazwa kwamba bakteria wa mgonjwa mmoja wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani, alikuwa na jeni ya kuikinga jirasi iliyobebwa kwenye plasmidi, yaani kijiduara cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata asiyekuwa wa aina yake. Mwanaisimu haoni ajabu hapo. Kiswahili kilirithi sarufi yake kwa jamaa zake wa Kibantu, lakini neno "dawa" kilikopa kwa Waarabu pasi na udugu wowote.

Na mambo haya hayako mbali na kibanda kile. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, bakteria wa homa ya matumbo wasiosikia kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli walienea nchini Kenya. Madaktari wakakimbilia sipro. Baadaye uchunguzi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ukaonyesha kwamba Nairobi kuna bakteria ambao hata sipro imeanza kuwapungukia nguvu. Kibera, ambako homa hiyo imechunguzwa kwa miaka mingi, ni mwendo mfupi kutoka sokoni hapo.

Walimu wenzangu, sehemu ya lawama ni yetu. Mwanafunzi husoma habari za bakteria kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, kisha akarudi nyumbani asiweze kumweleza babake. Istilahi "usugu" tunayo, ingawa nayo ina doa: sugu asili yake ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, na hapo tumerudi tena kwenye mwili! Hata hivyo naikubali, maadamu tunataja ni nani aliyekuwa sugu. "Bakteria wa homa hii wamekuwa sugu" ni sentensi fupi, na mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ajuaye hivyo hatamgawia jirani vidonge kwa hoja kwamba mwili wa jirani bado mgeni.

Niliwageukia wazee wale, nikawaomba radhi, nikawaeleza haya kwa ufupi. "Kumbe wewe ni daktari?" akauliza yule mwenye homa. Nikasema ndiyo, ila wa lugha. Wakacheka sana, wakanikaribisha kipande cha mbavu. Karatasi ya vidonge ilikuwa imekwisha kuingia mfukoni mwa yule wa pili.