Mheshimiwa Atuambie Kabla, Si Baada

Wakulima wa skimu, kuanzia Bura na Hola hata huku chini Garsen, wana desturi ya kumpima mjumbe wao kwa mambo mawili: je, alifika matangani, na je, alitoa kitu? Aliyefika na kutoa husifiwa kuwa ni mtu wa watu. Sisemi ni vibaya kuwafariji wafiwa. Lakini mkulima hampimi kibarua wake kwa salamu, humpima kwa magugu yaliyong'olewa; na kazi ya mjumbe imeandikwa wazi, kama ilivyo ya kibarua katika mapatano.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, yasema kwamba mjumbe wa Bunge la Kaunti, yaani yule mwakilishi wa wadi ambaye wazee wengine bado humwita diwani, lazima awe karibu na waliomchagua na ashauriane nao juu ya mambo yanayojadiliwa katika Bunge hilo au yatakayojadiliwa. Yatakayojadiliwa: neno hilo lina uzito. Halimtaki atuhutubie mambo yaliyokwisha pitishwa. Tena sheria hiyohiyo yamkataza kutia mkono katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Kwa hiyo anayemwendea mwakilishi wa wadi na kumtaka achimbe mfereji anampotezea wakati na kujipotezea mwenyewe. Amwulize mfereji huo umo katika makadirio ya fedha ama haumo, na kama haumo, ni nani aliyeutoa.

Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti vilikuwa vinane tu, na mjumbe wa Pwani alikuwa mmoja, Bwana Ronald Ngala. Mtu mmoja kwa Pwani yote! Hakuna aliyetazamia kumwona kila mwezi. Leo eneo la Garsen peke yake lina wadi sita, nazo ni Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini, na kila moja ina mjumbe wake. Juu yao yuko mbunge, yuko mwakilishi wa wanawake, yuko seneta. Wasemaji basi tunao wa kutosha. Tulichopungukiwa ni habari zinazofika kwa wakati.

Chukua habari ya mto. Sisi wa Garsen twakaa mkiani mwa maji ambayo wengine huyashika kwanza. Huko juu yako mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Masinga, lililomalizwa mwaka 1981, ndilo la kwanza kuyapokea. Likijaa likafurika, maji huteremka, hupita Garissa, Bura na Hola, na huchukua siku kadhaa kabla ya kutufikia. Siku hizo ndizo mali yetu. Katika siku hizo mtu aweza kuvuna mahindi yake mabichi, kuondoa pampu ukingoni, kupandisha mbuzi na watoto mahali pa juu. Akipata habari maji yakiwa mlangoni, hana la kufanya ila kubeba mtoto na sufuria.

Nani asiyekumbuka? Mafuriko ya mwaka 1997 yaliuvunja mradi mkubwa wa mpunga wa delta. Yakaja ya mwaka 2018. Yakaja ya Novemba 2023, na barabara ya kwenda Lamu ikakatika pale Lango la Simba. Yakaja tena Aprili na Mei 2024, na katika Aprili hiyo mashua iliyojaa watu ilipinduka upande wa Madogo, wengine wakafa maji. Kampuni ya KenGen hutoa onyo mabwawa yanapokaribia kufurika. Lakini onyo lililotangazwa kwa Kiingereza huko Nairobi halijafika Ozi mpaka mtu alilete kwa lugha ya watu, na mtu huyo hapana budi awe mjumbe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yampa raia haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa katika siku 21. Na ikiwa habari yenyewe yahusu uhai wa mtu, katika saa 48. Mjumbe aijua sheria hiyo, au yampasa aijue. Atuulizie, kisha jibu alipeleke kwa chifu, msikitini na kanisani siku ileile.

Sasa malka, yaani njia za mifugo za kushukia mtoni. Hapa nataka kusema polepole. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako askari polisi nao waliuawa. Desemba ikafuata Kipao. Wenye mashamba walizika na wenye ng'ombe walizika. Kabla ya panga na mikuki kulikuwa na ng'ombe ndani ya mazao, na kabla ya ng'ombe kulikuwa na njia ya maji iliyozibwa, au ambayo watu hawakupatana ni ya nani. Yote hayo yalionekana mapema kwa mwenye macho.

Skimu mpya ikipimwa, mfereji na ua hukata njia ambazo mifugo ilizipita tangu zamani. Si kosa la mkulima aliyepewa ekari zake. Lakini yeye ndiye atakayeamshwa usiku. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Delta ya Tana uliotolewa mwaka 2015 ulijaribu kutenga mahali pa kulima na mahali pa kulisha. Ni kazi njema, lakini karatasi haifungui njia. Kila kiangazi kinapokaribia, mjumbe atuambie ni malka zipi ziko wazi, zipi zina ugomvi, na wazee wa Gasa wa Wapokomo na wale wa Matadeda wa Waorma wamepatana nini. Na aseme neno moja kwa wote. Anayewaambia wakulima wa Ngao hivi, kisha akawaambia wafugaji wa Dida Waride vile, huyo atia petroli motoni, hata kama pande zote mbili zilimpigia makofi.

Wajumbe nao wana lao la kusema, na ni haki tuwasikilize. Husema kwamba wakiita baraza la kujadili bajeti watu huja wachache, na waliokuja huuliza posho. Lakini wakileta mpira na kombe, uwanja hujaa. Ni kweli. Mimi napenda mpira, na vijana wa pande mbili wakicheza pamoja hilo nalo ni jambo la usalama. Basi taarifa na isomwe hapohapo uwanjani, kabla ya filimbi kupulizwa! Na baraza lenyewe liitwe saa ambayo wanawake wametoka shambani, maana wao ndio wanaopalilia mpunga na kuchota maji, nao ndio wanaojua mto umepanda kiasi gani leo kuliko jana. Baraza la saa nne asubuhi ni baraza la wanaume walio kivulini.

Limebaki jambo la fedha, na hili laenda na tarehe. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, karatasi ya mwelekeo wa matumizi ya kaunti hufikishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Aprili! Ndio mwezi ambao mto hufurika. Mwaka 2024 makadirio yalipotakiwa kuwa mezani Hola, wakulima wengi walikuwa wamekimbia nyumba zao, na mtu aliyelala chini ya turubali hasomi makadirio. Basi tukingoja Aprili tutakuwa tumechelewa kila mwaka wa mafuriko. Kila skimu na ichague watu wawili au watatu, mwanamke awe mmojawapo, wamwite mwakilishi wao mwezi wa Januari, shamba likiwa kavu na barabara ikipitika. Wamwulize ni kiasi gani kimetengwa kwa mashua za uokoaji, ni wapi pa juu palipotayarishwa kwa watu na mifugo, na malka zipi zitawekewa alama mwaka huo. Majibu yaandikwe, yabandikwe ukutani penye ghala, na tarehe yake chini.